Kila nikishika chati ya herufi, mtoto wangu asema ana usingizi

Bi Mshauri, shikamoo.

Wapo watakaosema hili si jambo la kuandikia barua, lakini kwangu limekuwa zito na limeingia mpaka kwenye ndoa yangu. Nina mtoto wa kike wa miaka minne na nusu, ndiye kifungua mimba wangu. Twaishi Majengo, Mombasa, nyumba moja na mama mkwe wangu, na watoto wa wifi yangu hushinda kwetu. Mume wangu yuko bandarini, kazi ya zamu. Mimi niko kwenye duka la nguo huko Marikiti, natoka saa kumi na moja jioni. Asubuhi mtoto huwa chuoni akisoma Kurani, akirudi yuko na bibi yake. Januari ataanza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea.

Mwezi wa nane tulikwenda kuchukua fomu katika skuli moja ya binafsi. Mwalimu aliyetupokea akatwambia mtoto ataitwa kwa intavyu: aandike jina lake, ataje herufi zote, asome maneno ya herufi tatu ya Kiingereza. Mume wangu alitoka pale uso umembadilika. Kuna jirani yetu ana mtoto wa rika hilo hilo, na yule tukipanda matatu pamoja hukaa dirishani akasoma kila kibao, mamake akinitazama. Mimi najikaza nacheka.

Tangu siku hiyo kwetu hakuna raha. Mume wangu amenunua chati kubwa ya herufi, ametia kwenye simu programu ya kuimba alfabeti, na amesema ndani ya nyumba hii sasa ni Kiingereza. Namwelewa. Aliwahi kurukwa cheo kazini kwa sababu ripoti zake za Kiingereza zilikuwa zikirudishwa, na jambo hilo halijamtoka moyoni.

Kwa hivyo kila siku baada ya magharibi namkalisha mtoto kwenye mkeka. Nikigusa M asema "em". Nikigusa A asema "ei", na picha yake ya tufaha anaijua. Nikimwambia haya, ziunganishe, asema "emei". Namwambia tena, asema "emei", sasa kwa sauti ya kulia. Siku hizi nikiigusa tu ile chati asema ana usingizi, na haupiti muda namsikia uani anacheka na binamu zake. Juzi nilipokunja mkeka nifagie, niliikuta chati chini yake, imekunjwa mara nne.

Mama mkwe asema tumwache mtoto akue. Asema huyu mume wangu alishika kalamu ana miaka saba, na leo ndiye anayelisha nyumba. Yeye mwenyewe husoma msahafu vizuri sana, lakini herufi hizi za skuli hazijui, kwa hivyo siwezi kumtegemea kwa masomo. Kutwa wako na vitendawili na hadithi, na mtoto hutegua kabla ya binamu zake wakubwa, au humfuata bibi yake kila pembe akimwuliza leso lake leo limeandikwa nini. Lakini hayo ni mchezo. Tena bibi ni Kimvita kitupu, Kiswahili cha Mombasa, mtoto amechukua "mato" kwa macho na "tini" kwa chini, na nahofia skulini atachekwa.

Mtaa wa pili kuna mwalimu hukusanya watoto sebuleni kwake jioni. Watoto wake wanasoma, hilo siwezi kulikana. Nilipokwenda kuulizia ada niliwaona wamekaa safu mbili, kimya, na rula iko mezani. Mume wangu ataka aanze wiki ijayo. Mama mkwe amesema mtoto akipelekwa huko, basi kumwangalia mchana tutafute mtu mwingine.

Nimpeleke? Niendelee mwenyewe, na kama ni mwenyewe, nianze na lugha gani? Simu niifunge? Au nimngoje Januari, liwalo na liwe? Na kuna swali jingine ambalo sijamwambia mtu: je, mtoto wangu ni mzito? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mama wa Majengo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hili ni jambo la kuandikia barua, na ulivyoliandika nimeyaona mengi ambayo pengine wewe, kwa uchovu, umeyapita.

Nikikusikia vyema, unavutwa huku na huku. Mumeo ataka mtoto asome sasa, tena Kiingereza. Mama mkwe ataka mtoto aachwe. Skuli imeweka mtihani mlangoni, jirani anakutazama kwenye matatu, na kila mmoja amesema lake. Mtoto naye amesema lake: amekunja chati mara nne akaificha. Ngoja nianze na yeye.

Umeniuliza kama ni mzito. Mimi sikumwona, lakini barua yako imemwonyesha. Mtoto wa miaka minne na nusu anayetegua kitendawili kabla ya wakubwa ni mtoto anayeshika maneno, anayageuza, analinganisha lililosemwa na lisilosemwa. Na mtoto anayemwuliza bibi yake leso imeandikwa nini ameshajua jambo kubwa, kwamba ile mistari ya herufi pale chini inasema kitu, na kwamba aliyejua huweza kukitoa. Wapo watoto wanaoingia skuli hawajalijua hilo. Wewe umeyaita haya mchezo. Sikulaumu, maana hakuna chati wala rula ndani yake. Ila nakuomba uyatazame tena.

Kusoma huanzia sikioni. Kabla mtoto hajaijua herufi yoyote, yafaa asikie kwamba neno hukatika vipande, na kwamba vipande hivyo vikirudishwa pamoja vinakuwa neno lile lile. Anayeweza kusikia kwamba "kuku" na "kumi" zinaanza sawa ameshaanza safari. Hiyo kazi mama mkwe wako anaifanya kutwa, bila ada. Hazijui herufi za skuli, ni kweli, lakini sehemu hii haizihitaji. Sina hakika kwamba huwezi kumtegemea kwa masomo, kama ulivyoandika. Pengine ni kwamba hujamwomba lile analoliweza.

Sasa hilo la "emei". Mwanangu, mtoto hakukosea. Amefundishwa na chati na simu kwamba hii yaitwa "em" na hii yaitwa "ei". Ukimwambia aunganishe, anaunganisha alichopewa. Majina ya herufi hayaungani yakawa neno, zinazoungana ni sauti. M isiwe "em", iwe mmm, midomo imefungwa. A iwe aaa. Mmm-aaa, ma. Akiishapata ma, mwandikie ma mara ya pili mbele yake uone uso wake akitambua ni nani huyo.

Hapa ndipo swali la lugha linapoingia, na ninajua ndipo mlipokwama na mumeo. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake, haibadiliki. Mtoto akishika a e i o u, ukamwongezea m, ana ma me mi mo mu, na tayari ana mama, mimi, uma. Ukiongeza t, ana moto, tatu, mate, na tui, ambalo kwa mtoto wa Mombasa ni neno la kila siku. Ukiongeza b na k, bibi na kaka wameingia, na kuku. Herufi chache tu na nyumba nzima imeandikika. Vigumu kidogo, kama ch, sh, ny, na ng' ya ng'ombe, vitakuja baadaye bila haraka.

Kiingereza hakiko hivyo. A ile ile ina sauti moja katika "cat", nyingine katika "cake", nyingine katika "car". Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza na wenzao walilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya, na wakaona kwamba wa lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa husoma vizuri ndani ya mwaka wa kwanza wa skuli, ilhali wa Kiingereza huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo. Wale ni watoto waliozaliwa na Kiingereza kinywani. Wako amekianza juzi, kwa amri.

Simaanishi kwamba mumeo amekosea kukitaka. Ujuzi wa kusoma hauanzi upya kwa kila lugha: mtoto aliyekwisha kujua kwamba sauti huungana zikawa neno huja kwenye Kiingereza akiwa na kazi nusu. Lakini nisikufiche hatari ya njia hii. Ukianza na Kiswahili, huenda siku ya intavyu akawa anasoma "tui" na "bibi", na mwalimu akataka "cat". Kama skuli ile ndiyo mnayoitaka kwa moyo wote, hilo lazima mlipime.

Kabla ya kulipima, rudini skuli mkaulize. Kwa skuli za umma, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu kumtahini mtoto kwa ajili ya kumpokea au kumkataa, labda iwe ni kujua tu awekwe ngazi gani. Skuli za binafsi zimeachiwa kujiwekea masharti yao, kwa hivyo mwalimu yule ana nafasi ya kusema alivyosema. Nanyi mna nafasi ya kumwuliza: mtoto asiyejua kusoma mnamfanyaje? PP1 katika mtaala wetu ni mahali pa kumwandaa mtoto kusoma. Mtoto hatarajiwi kuingia akiwa anasoma. Jibu lake litawaambia mengi kuhusu mahali ambapo binti yenu atashinda kutwa. Skuli inayoshangaa kumwona mtoto wa miaka minne hasomi, mimi ningeitazama vyema. Lakini huenda mkajibiwa kwa upole kwamba ni mazungumzo tu na mtoto, na hofu yote ikapungua. Wazazi wengi hulisikia neno intavyu wakaondoka bila kuuliza la pili.

Mwalimu wa mtaa wa pili. Umesema watoto wake wanasoma, na umekuwa mwadilifu kulisema. Sitaki kumhukumu mtu kwa rula iliyokuwa mezani, pengine ni ya kupiga mistari. Ila wewe uliiona na ikakukaa, na jicho la mama halikosi sababu. Omba ukae sebuleni pale jioni moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Tazama mtoto akikosea hufanywaje. Sikiliza kama wanasoma au wanakariri. Mkatie mmoja neno ambalo halipo ubaoni, "ta-ti-za", uone kama atalishika au atakutazama tu. Sheria ile ile ya 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi, na ingawa sebule si skuli, mtoto ni yule yule. Faida ya kumpeleka ni kwamba kuna mtu mwenye saa na utaratibu, nawe unarudi kazini umechoka. Hasara ni kwamba mtoto ambaye tayari anaficha chati nyumbani, huko hatakuwa na pa kuificha. Anaweza kujifunza kusoma akajifunza na kukichukia kitabu siku hiyo hiyo, na kumrudisha mtoto kwenye kitabu alichokichukia ni kazi ndefu, nimeiona kwa wengi.

Na njia ya mama mkwe, ya kungoja? Ina heshima yake. Finland watoto huanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka saba, na wanasoma kama wengine. Lakini wale hungoja wakiwa na vitabu vya hadithi nyumbani na watu wazima wanaowasomea. Na mumeo alipoanza akiwa na miaka saba, darasa zima lilianza pamoja naye. Leo madarasa yetu yanakwenda mbio kidogo, na mtoto aliyengoja bila chochote anaweza kujihisi nyuma siku ya kwanza. Kungoja huku mnacheza na sauti, hilo silihofii hata kidogo. Kungoja kwa kukaa tu, ndiko ningefikiria mara mbili.

Kuna na jambo la kuangalia kwa njia yoyote mtakayoishika: masikio yake. Mtoto anayetokwa na usaha masikioni mara kwa mara, au asiyeitika akiitwa kwa nyuma, huchanganya sauti na sisi tukamwita mzito. Kituo cha afya watamtazama. Na macho pia. Kwa ulivyomweleza sioni dalili, lakini ni afadhali kuhakikisha.

Ukiamua kuendelea mwenyewe, chati iache ilipo kwa muda. Mtoto akiona hakuna anayeitafuta, atapumua. Chagua wakati ambao hajachoka, na baada ya magharibi kwa mtoto aliyeamka mapema kwenda chuoni huenda sio wakati huo. Dakika kumi zatosha, na ziishe yeye bado anataka. Bibi yake akiwa kwenye mbuzi anakuna nazi, mtoto pembeni, amwambie: nataka kitu, sikiliza, tu... i. Nini hicho? Akisema "tui!", geukeni zamu, naye amkatie bibi yake. Siku mbili tatu za hivyo ndipo mwandikie t-u-i kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni, kikubwa, herufi ndogo si kubwa. Vifuniko vya soda ukiviandika silabi kwa ndani ni mali, atavipanga mwenyewe mkekani. Hili si jambo geni kwetu. Miaka ya 1980, hapa hapa Mombasa, ulianza mpango wa chekechea za madrasa ukisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, uliofika baadaye Zanzibar na Uganda, na walimu wake walifundisha kwa makombe ya pwani, vifuu na vifuniko, vitu ambavyo mzazi yeyote anavyo.

Kuandika jina kusikuhangaishe sana. Vidole vya umri huu bado vinakaza. Mpe unga wa maandazi akande, mpe uzi na asumini atunge. Akiandika kutoka kulia, au b ikageuka d, kumbuka kwamba chuoni anasoma kutoka kulia kwenda kushoto na anachukua maandishi mawili kwa pamoja. Mwonyeshe kwa kidole pa kuanzia na muendelee. Na Kimvita, mwanangu, usikionee haya. Akisoma "macho" kitabuni akasema "mato", mwambie bibi asema mato, kitabu kinasema macho, yote ni haya unayonitazamia. Atayashika yote mawili. Watoto hushika.

La mwisho ni mumeo, na pengine ndilo la kwanza. Umeniandikia sababu yake kwa mstari mmoja, ile ripoti iliyorudishwa. Je, mumeshazungumza kuhusu hilo mkiwa wawili, si mbele ya mamake? Mtu aliyeumizwa na Kiingereza akimwona mwanawe haunganishi "cat" haoni mtoto wa miaka minne, anaona ile ripoti. Ukimwambia "mwache mtoto", atasikia kwamba umechukua upande wa mamake. Lakini ukimpa kazi yake mwenyewe, huenda mambo yakawa mengine. Yeye anajua jambo ambalo wewe na mimi hatulijui vizuri: kila kontena lina herufi nne kubwa ubavuni, na ya nne kwa kawaida ni U, kisha namba. Siku ambayo hana zamu, wakae mahali salama karibu na Makupa malori yakipita, na mtoto atafute U. Ukitaka kuwe na Kiingereza hapo, kipo: wahesabu, wataje rangi. Kiingereza cha kinywani kwanza, na baba akicheka nacho, kitamwingia kuliko cha amri.

Umeuliza simu uifunge. Ile programu inayoimba majina ya herufi ndiyo iliyomfunza "emei", kwa hivyo ningeipumzisha angalau mpaka ashike sauti. Kama mumeo ataona kwamba kilichofungwa ni kile alichokileta yeye, fanyeni pamoja: chagueni hadithi fupi, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, mtoto aketi katikati yenu mkimsomea kutoka kitabuni. Maktaba ya umma ya Mombasa ina vitabu vya watoto, kama kununua ni shida. Ukishajua skuli imejibu nini, niandikie tuendelee kutoka hapo.